Ubeti Wako Umeimbwa Garsen

Kaka Buya,

Wana Ukingo, kundi lenu la rap, wamerudi! Guyo na Salim wameimba tena, hapa hapa Garsen, Jumamosi alasiri, na mimi nilikuwepo.

Tangu tulipokuzika hawakushika maikrofoni. Salim alirudi kwao Kipini, Guyo akafuata ng'ombe wa baba yake. Nyumbani nasi tuliacha kuzicheza nyimbo zenu. Mama akisikia ule mdundo tu kwa jirani, alikuwa akiondoka aende mbali.

Mwezi uliopita wakaja wote wawili, wamevaa mashati ya mikono mirefu kama watu waliokuja kuposa. Guyo akasema, "Mama Buya, tunataka kurudi. Turuhusu tutafute Mpokomo mwingine aimbe ubeti wa Buya." Mama akaendelea kupepeta mchele. Mwishowe akasema, "Imbeni. Lakini nafasi ya mwanangu asikae mtu."

Nilitamani kumwambia kwamba ubeti usipoimbwa utapotea. Sikuthubutu. Unamjua.

Basi wakaiacha wazi. Guyo aliimba kwa Kiorma, Salim kwa Kiswahili cha kwao, na zamu yako ilipofika wakanyamaza, ngoma ikabaki peke yake. Kaka, watu hawakuelewa! "Fundi! Spika imekufa!" Kijana mmoja akarukia jukwaani kutikisa nyaya. Rafiki yangu Amina akaninong'oneza, "Manze, hawa wamezeeka, wamesahau maneno." Guyo alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilikumbuka shamba letu la Ozi, tunaamia ndege kwenye mpunga, wewe juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, unagonga debe na kuwafokea ndege kwa mashairi, mimi nacheka mpaka wanatua tena. Ubeti ule ulizaliwa pale, na sasa...

Mara nikasikia sauti pembeni yangu. Mama! Sikujua hata kama amekuja. Amesimama, mkono mmoja kiunoni, anaufoka ubeti wako kwa Kipokomo, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya kufukuzia ndege. Kumbe shambani alikuwa akikusikiliza miaka yote! Wanawake wa Kipokomo waliotoka Ndera wakaupokea. Wachungaji waliosimama nyuma na fimbo zao wakapiga makofi. Guyo alilia mbele za watu, na kiitikio akakiimba huku analia.

Sasa mji mzima unabishana. Wenye bodaboda wanasema zamani mlikuwa wakali zaidi, mdundo wa sasa umelala. Wavulana wa darasa letu wanasema mama wa mtu hafai kurap. Mzee wetu wa kanisa anasema ndiyo mara ya kwanza ameielewa rap. Wacha wabishane. Kwa muda mrefu hakuna aliyekutaja; leo wanakutaja hata kwenye foleni ya maji.

Jana Mama aliniita jikoni, sauti imemkauka kabisa. "Rehema," akasema, "wakiimba tena, utaimba wewe. Mimi si msanii." Kisha akacheka. Kaka, alicheka.

Nimeanza mazoezi. Nakuahidi sitabadilisha neno hata moja, na nitavuta pumzi pale pale ulipokuwa ukivuta. Nimeandika pia mistari minne ya kwangu. Guyo ameisoma mara mbili, akasema tutaiweka baada ya wako.

Pumzika, kaka yangu. Mimi nakwenda kuimba.

Dada yako,
Rehema