Jini wa Rashid Kwenye Meza Yangu ya Jikoni

Mansura, Ijumaa baada ya Alasiri

Mdogo wangu mpenzi Inas,

Nakusalimu wewe na shemeji Hatim, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na joto la Kuwait halijaanza kuwatesa. Mgongo wako unaendeleaje? Bado wanakupanga zamu mbili mfululizo wodini? Sisi huku hatujambo. Presha yangu imetulia, na tangu nistaafu kufundisha kemia nimenenepa kidogo, wala sijutii.

Binti yako Rodaina ni mzima kabisa. Amepata themanini na sita ya hesabu, na mboga ya mulukhiya anakula bila kulazimishwa. Ana rafiki, Habiba, binti wa mfamasia wetu, na wakianza kucheka wawili hao hata redio siisikii. Nakwambia haya kwanza ili moyo wako utulie, maana kuna jambo nimelificha tangu Oktoba, na kwenye simu ulimi hunikwama.

Unakumbuka alivyokuwa mlipomleta kwangu. Mwezi mzima alijibu "ndiyo" na "hapana" tu, akajifungia chumbani na vile vitabu vyake vitatu. Nilipokueleza kwamba ni hadithi za binti anayependana na jini, uliniambia, kwa sauti ileile ya marehemu mama, nivichome kabla mtoto hajaharibika akili. Siku mbili baadaye nikakwambia nimevichoma.

Sikuvichoma, Inas. Nilivipeleka jikoni, kiberiti nikashika, kisha nikafungua cha kwanza nijue angalau nachoma nini. Kuna jini anaitwa Ghaith, miaka mia tatu yumo ndani ya nyumba iliyofungwa kule mji wa Rashid. Anaweza kuinua paa kwa kidole kimoja, lakini hawezi kuvuka kizingiti cha mtu mpaka akaribishwe. Binti mwenyewe, Lujain, ana miaka kumi na sita, na hamkaribishi mpaka ukurasa wa mia mbili na arobaini. Mimi, mwanamke wa kemia, nilisimama pale hadi birika likakauka, nikitamani kumwambia yule mtoto afungue mlango.

Siku ya tatu Rodaina alirudi kutoka tuisheni akanikuta mezani na kitabu cha pili, samaki wameungua. Akaniuliza, "Mamkubwa, hicho si changu?" Nikamjibu nakikagua. Akataka kujua nimefika wapi. Nikamwambia nimefika pale Ghaith anapotaka kuvunja mlango. "Havunji," akasema, "wewe subiri tu." Akavuta kiti akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa nami jikoni bila kuitwa.

Basi nikamuuliza anaona nini kwa jini mwenye macho ya moto, na wavulana wa nyama na damu wamejaa mtaani. Alinicheka. Akasema, "Mamkubwa, hao wavulana hujawasikia? Wananifuata mpaka kwa muuza juisi wakiniita majina. Huyu ana nguvu za kubomoa mji, na bado anauliza kama anaruhusiwa kuingia." Habiba yeye anasema anampenda Lujain zaidi kuliko jini, kwa sababu ana chunusi na amefeli jiografia, lakini bado kuna aliyemwona anafaa kupendwa. Tena akaongeza kwamba mabega ya Ghaith nayo hayana kasoro. Tuliwahi kubishana hivyo Alhamisi nzima, maandazi yakipoa.

Kuna neno moja sikutaka kukuficha, ingawa litakuuma. Siku moja, akikata matango, Rodaina alisema kwamba Ghaith yuko mbali, lakini Lujain akilia popote humsikia, na siku hiyohiyo huja. Kisha akasema, "Mimi wanaonipenda wote wako ndani ya simu." Hakulia. Aliniomba chumvi tu. Anajua kwa nini mlikwenda, wala hawalaumuni. Nimeona ni haki yako kulisikia, si langu kukaa nalo.

Sasa nimalizie. Ile safari ya Januari niliyokwambia ni ya shule haikuwa ya shule. Kitabu cha nne kilitoka, na mwandishi alikuwa anatia sahihi kwenye maonyesho ya vitabu Kairo. Tulipanda treni watatu, na mimi nikijidai nawasindikiza wasichana. Tulisimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili. Msichana mmoja mwenye hijabu ya manjano akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, umemshikia nafasi binti yako?" Nikasema ndiyo, nikaona aibu. Tulipofika mbele, mwandishi, kibinti chembamba chenye miwani, akauliza aandike jina gani. Nikasema Nagwa. Akauliza Nagwa ana miaka mingapi. Nikamwambia hamsini na mbili, na kwamba ndiye mimi.

Alicheka akaweka kalamu chini, akasimama kunishika mkono. Wasichana nyuma yetu wakaanza kunong'ona, nami nikatamani ardhi inifiche. Ndipo Rodaina akageukia foleni nzima akasema kwa sauti, "Huyu ni mamkubwa wangu." Laiti ungemwona alivyoinua kidevu.

Bwana Shukri wa ghorofa ya chini anasafiri Jumapili, atakuletea mzigo. Juu kuna jibini na mikate miwili ya fatira. Chini yake, ndani ya taulo, ni kitabu cha kwanza. Rodaina ndiye aliyekifunga, na pembeni mwa kurasa amekuandikia maneno kwa penseli. Sikuyasoma, ni yako. Unaweza kunikasirikia kwa uongo wangu, nami nitanyamaza uniseme, lakini kisome kwanza. Tena usije ukamdanganya kwamba umekimaliza, maana atakuuliza Lujain alivaa gauni gani kwenye harusi ya shangazi yake.

Msalimie shemeji, na jirani yako yule wa Aleksandria. Mwenyezi Mungu awalinde na awape nafasi ya kuja kiangazi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nagwa