Toa Mama Yangu Jukwaani

Kiplombe, Eldoret
9 Septemba 2018

Binti yangu Nasike,

Pokea salamu kutoka nyumba hii unayoijua. Natumaini wewe na watoto mko wazima, na mvua ya huko Webuye haijalaza mahindi. Mimi ukiniuliza hali nitasema njema, kwa mazoea tu. Figo zimechoka na daktari ameacha kunitajia mwaka ujao. Christabel ndiye ananiogesha. Binti niliyemfundisha kufunga vifungo sasa ananifungia vyangu, na nikijipinda ananigombeza.

Nimekupigia simu mara nyingi. Naambiwa mteja hapatikani. Basi acha nirudi kwenye kalamu, nikuambie jambo nililopaswa kukuambia kabla hujaondoka. Nitalieleza lote kana kwamba hulijui, kwa sababu sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwangu.

Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007 niliwakusanya vijana pale kanisani tuigize yaliyotupata. Wewe ulileta onyesho la mlango. Ulisimama ukatuonyesha mama yako Namalwa alivyosimama mlangoni pake, jirani yenu mzee Gitonga na mkewe, waliokuwa wanasakwa kwa kabila lao, wakiwa wamejificha chini ya kitanda chake, na lori likasimama nje. Ulisema yale maneno aliyowaambia vijana walioshuka: "Naona mmeandikiwa ASANTE MAMA hapo mbele. Sasa mnamshukuru mama gani?" Ndipo wakamsukuma, akaanguka kwenye jiwe la ngazi. Hakumaliza mwezi hospitalini, akafariki.

Kila tulipoonyesha mchezo ule, watu wa hapa walinyamaza kwenye maneno hayo. Hakuna aliyekuwa hajui lori lenye maandishi hayo ni la Jacktone, tajiri wa mtaa.

Mwaka 2011 wafadhili wa ng'ambo walikubali kutujengea ukumbi, ila walitaka kwanza waone mchango wa wenyeji. Tulizunguka. Mama Tryphosa wa Kapseret alitoa maziwa ya waigizaji, na maziwa hayaezeki nyumba. Jacktone akatoa mabati. Hakuniomba chochote. Aliuliza tu, "Mwalimu, lile lori bado mnalisema?" Jioni ile ile nikayafuta maneno. Wewe nilikuambia mchezo umekuwa mrefu, wageni watachoka.

Nilikudanganya. Jacktone ni mtu wa kwetu, wa kutoka ziwani kama mimi, na hilo nalo lilinisaidia kunyamaza.

Wageni wanakuja tena mwezi wa kumi na moja. Njoo usimame mlangoni uyaseme maneno yale, niyasikie kabla sijaondoka.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Javan Obonyo


Webuye
7 Oktoba 2018

Mwalimu,

Habari ya huko. Sisi tuko. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa Christabel.

Umeandika kurasa nyingi kuniambia kitu nilichokijua kabla mabati hayajapigwa msumari. Unafikiri yaliletwa na nini? Yaliletwa na lile lile lori. Nilikuwa pale napokea. Mbele lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, mpya, lakini aliyepaka alikuwa mvivu. Ukisimama upande wa jua uliona M, A, M, A chini ya rangi. Nikageuka nikakutafuta, nikaona unamshika Jacktone mkono kwa mikono yote miwili.

Na bado niliigiza. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Niliigiza mama anayeuawa na watu waliotoka hewani tu. Ulisema niseme "walikuja kama upepo". Upepo, Mwalimu! Mchezo ukiisha unatupanga mlangoni tuwasalimie wageni, na Jacktone naye yuko katikati, na mimi nachelewa kunyoosha mkono. Unakumbuka ulichofanya? Ulinisukuma mgongoni. Kidogo tu, kwa vidole, mtu mwingine asione. Hilo hujaliungama. Labda hata hukumbuki.

Siji. Mimi si dawa yako ya kufa vizuri.

Ukitaka kunifanyia kitu, toa mama yangu jukwaani. Nasikia sasa anaigizwa na Chepkoech, na upepo bado ni upepo. Mtoe. Kama lori haliwezi kusemwa, na yeye asisemwe. Asitumiwe kuombea pesa.

Na usijiite baba yangu kwenye barua. Ulikuwa mwalimu wangu tu.

Nasike


Kiplombe, Eldoret
28 Oktoba 2018

Nasike,

Salamu. Naomba barua hii ikukute salama. Miguu yangu imevimba, kwa hivyo nilibebwa kwenye kiti kama askofu nikapelekwa kwenye kikao cha kamati. Nilikuwa na hasira njia nzima, na nikarudi na nyingine.

Mwenyekiti sasa ni Kituyi, yule aliyekuwa anaigiza polisi. Nilimwambia onyesho la Namalwa litoke, au maneno ya lori yarudi.

"Mzee," akasema, "hawa wageni wanakuja kumwona mama mlangoni. Si mimi niliyewazoesha. Kila ripoti uliyoandika umeweka picha ya huo mlango."

"Basi rudisheni maneno."

"Na Jacktone siku hiyo akae wapi? Chini ya sofa?"

Wakacheka. Nami nilitaka kucheka, Nasike, kwa sababu hayo masofa ni mimi niliyeyaanzisha. Mimi ndiye niliyewafundisha kuazima masofa ya watu na vitambaa vyake na kuyapanga mbele. Niliwaambia majina ya wafadhili yasomwe kabla ya mchezo, kwa sababu mchezo ukiisha watu wanakimbilia pikipiki. Niliwaambia mfadhili hakumbuki alichokiona, anakumbuka alivyokaribishwa. Mama Tryphosa alihamishwa kutoka mbele akapelekwa kwenye benchi, kisha kwenye benchi la nyuma, kisha akaacha kuja, na maziwa yake yakaacha kuja. Hakuna aliyeuliza. Leo naongea nao wananijibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikawaambia ukumbi usiothubutu kutaja lori ni ghala. Kituyi akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonichoma.

"Wewe unataka kufa ukiwa msafi, Mzee, sisi tubaki na bili ya stima. Jumamosi ukumbi huu hujaa watoto wa mtaa mzima. Nikiwarudisha nyumbani niwaambie Mwalimu ana dhamiri?"

Nikaomba nirudishwe nyumbani. Ninakuomba uelewe kwamba nimejaribu. Kuhusu kukusukuma mgongoni, nimekaa nikitafuta siku hiyo kichwani. Sikumbuki. Naogopa kwamba sikumbuki kwa sababu nilikuwa nawafanyia wengi.

Javan


Webuye
6 Novemba 2018

Mwalimu,

Salamu. Nilikuomba kitu kimoja, umeniletea kikao.

Kituyi yuko sawa kuhusu watoto. Wewe pia uko sawa. Nyote mko sawa na mama yangu bado yuko pale anaanguka kwenye jiwe kila wageni wakija.

Acha nikuambie kilichonipata, kisha nitanyamaza. Juzi mtoto wangu mdogo aliniuliza nyanya alikuwa anaongea vipi. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti ya jukwaani, ile uliyonifundisha: polepole, nzito, kila neno limesimama peke yake. "Mna-mshu-kuru ma-ma ga-ni." Nikajaribu tena, ikaja ile ile. Sina nyingine. Nimemwigiza mara nyingi hadi nimemfuta. Nimemzika mama yangu mara ya pili na wewe ndiye ulikuwa unasema "vizuri sana, rudia".

Ulimjua miaka mingi kabla mimi sijaja kwenye kikundi chako. Ulikuwa unakunywa chai kwake pale karibu na shule. Wewe uliyemfundisha kuongea vile jukwaani, unakumbuka alivyokuwa anaongea kweli?

Kama unakumbuka, niandikie. Kama hukumbuki, usinitungie.

Nasike


Kiplombe, Eldoret
25 Novemba 2018

Nasike,

Nakusalimu nikiwa kitandani, mwandiko utauona mwenyewe. Nikiishia katikati ya sentensi ujue Christabel amenipokonya kalamu. Watoto wasalimie.

Wageni walikuja jana. Kama mwanzilishi wa kikundi, ni mimi hukaribisha. Kituyi alinipa maiki bila wasiwasi, kwa sababu miaka yote nimesema shukrani zile zile, hata yeye anazijua kwa moyo. Nikasema: Namalwa aliuawa na watu walioshushwa na lori. Lori lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe yuko kwenye sofa la katikati, na mabati yaliyo juu yetu ni yake, na mimi nilifuta maneno ili niyapate. Binti wa Namalwa hataki tena mama yake aonyeshwe, na

Hapo maiki ikazimwa. Nikaendelea bila maiki. Sauti yangu sasa haifiki mbali, ilifika kwenye masofa tu. Mkalimani wao, mama mmoja nadhifu wa Nairobi, aliwainamia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba mzee anawashukuru sana na amezidiwa na hisia. Nasike, walinipigia makofi. Mmoja alifuta machozi. Nikasema kwa Kiingereza, "Hapana, sikusema hivyo," na Kiingereza changu nilichofundisha miaka yote kikatoka kama kikohozi, na Kituyi alikuwa ameshageuza kiti changu.

Lakini Chepkoech alikuwa nyuma ya pazia na masikio yake ni mazima. Zamu yake ilipofika alitoka amejifunga leso ya kumwigiza mama yako. Akasimama. Akaukumbatia ule mlango wa mbao, fremu na vyote, akaung'oa, akaubeba mabegani akatoka nao. Jukwaa likabaki wazi. Kituyi akatangaza kwamba kuna hitilafu ya stima. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Jacktone alikuja kwenye kiti changu baadaye. Amezeeka, magoti yanamsumbua.

"Ungeniambia nikae nyumbani, Mwalimu."

"Ungekaa?"

"Lile lori lilikodishwa. Sikuuliza wanakwenda wapi."

"Kama hukujua, rangi ilikuwa ya nini?"

Akaangalia juu, kwenye mabati. "Na wewe kama ulijua, mbona hukunyeshewa?"

Tukabaki hivyo, wazee wawili wa ziwani, kila mmoja na ukweli wa mwenzake mkononi.

Chepkoech ameapa hataigiza tena mlango ule, na hakuna mwingine anayeujua. Kwa hivyo mama yako ametoka. Ningependa niishie hapo, lakini uliniambia nisitunge. Leo asubuhi Kituyi alikuja akicheka kwa uchungu. Mgeni mkubwa amemwambia kwamba lile jukwaa tupu lilimgusa kuliko chochote alichoona Afrika. Ameomba liwepo na mwaka ujao. Nilicheka hadi nikatapika. Mtu anatolewa jukwaani, na kule kutolewa kwake kunapata mfadhili! Nilimwambia Kituyi kwamba nikisikia wamelionyesha nitafufuka. Akasema, "Pumzika, Mzee." Sijui atafanya nini. Muda wangu wa kumzuia umekwisha, na hilo linanikera kuliko figo.

Sasa swali lako.

Nakumbuka, na nitakuambia hata kama hutaipenda. Mama yako hakuwa anaongea polepole. Alikuwa anakimbia. Alimeza miisho ya maneno, na akikusimulia kichekesho alicheka kabla hajafika mwisho, kwa hivyo hakuna mtu aliyewahi kusikia mwisho wa kichekesho chake. Sauti ilikuwa nyembamba, ya juu, unaisikia ukiwa bado shuleni. Na alisema Kiswahili cha kwenu Bungoma kilichojaa lafudhi: gari lilikuwa kari, bado ilikuwa pado. Ni mimi niliyeyanyoosha yote. Niliona wageni wasingemlilia mama anayesema kari.

Mimi nilikuwa napenda kumweleza mambo ya vitabu. Alikuwa ananikata. "Mwalimu, unaongea kama retio. Punguza sauti unywe chai, pwana."

Mara ya mwisho nilikunywa kwake ilikuwa Desemba, kabla ya kura. Wewe ulikuwa umetoka kuchota maji. Nilimwambia nimekuona ukiwaigiza wapangaji wenzenu wa ploti, na kwamba una kipaji. Akapindua chapati, akacheka kabla ya kusema, na safari hiyo nilisikia hadi mwisho. Alisema hivi, na sijanyoosha hata neno:

"Huyu musichana wangu anaigisa kila mutu. Ata mimi ananiigisa, anafikiri siko. Lakini mwambie. Siku ataniigisa vipaya, nitamuchapa na mwiko, mbele ya wakeni."

Javan