Mgeni wa Jicho la Kulia

3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila bandeji ilinikera. Daktari ameniwekea kwenye jicho la kulia seli zilizokuzwa kutoka kiinitete cha siku chache, ambacho wazazi wake walikitoa kwa hiari. Nameza vidonge vya kutuliza kinga, mwili usije ukamshambulia mgeni. Jana kwenye meza yangu ya ufundi wa saa niliona skrubu ya saa ya mkononi! Miaka minne, kwa jicho la kushoto pekee, nilikuwa naipapasa tu.

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Sisi hatujambo. Nilivyocheka wodini, wagonjwa walidhani nimepandishwa cheo. Vidonge usiruke hata siku moja. Ila askari wako wa mwilini wamelala: ukipata homa au kikohozi, mbio hospitali. Usijifanye fundi wa kila kitu.

Kitinda

20 Mei

Kitinda,

Natumai hamjambo. Nikifumba macho, la kushoto linaona giza kama kawaida. La kulia linaona wekundu, kama tochi nyuma ya kiganja, na ndani yake kitu kinajongea. Kimkono. Daktari anasema ubongo unazoea tu. Lakini nikizungumza, kinatulia, kama kinasikiliza. Usinicheke.

Nina kikohozi cha wiki mbili, si kitu.

Kaka yako

27 Mei

Kaka,

Salamu baadaye. Hicho kikohozi ndicho kitu! Nenda leo. Wakikwambia uache vidonge, kubali. Jicho ni jicho, lakini pumzi ndiyo wewe.

Kitinda

2 Julai

Kitinda,

Samahani kwa kimya. Mapafu yamepona. Niliacha vidonge, kama mlivyotaka wote, wewe na madaktari. Siku ya nne jicho likavimba. Nikafumba, nikaona kimkono kimekunja ngumi, kinagonga, kinagonga. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Sina mtoto, unajua, neno lilitoka lenyewe. Kufika jioni, wekundu ukazimika.

Nikadhani yamekwisha. Juzi la kushoto, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuuma na kuingia ukungu. Daktari anasema ni nadra, lakini kinga ikiamka na hasira huweza kumfukuza hata mwenye nyumba. Amenipa dawa. Nikamwuliza, "Itawahi?" Akajifanya anatafuta kalamu.

Naandika pua ikigusa karatasi. Usinijibu kwa barua. Njoo mwenyewe.

Kaka yako