Kiganja changu kwenye jiwe la marehemu

Bungu, Jumanne

Nimenawa kwa sabuni na majivu, lakini nanawa nini sasa.

Karakana ya kuchapa picha kule Dar imeuzwa, imekuwa stoo ya mitumba. Mwanangu Zuhura, aliyekuwa fundi huko, karudi na jiwe moja la kuchapia, kamchora juu yake marehemu baba yake kwa chaki ya mafuta. Picha nyingine ya mume wangu hatuna.

Leo nakamua tui, nikamwona marehemu anavyonitazama pale jiweni. Nikampapasa shavu, kiganja kingali na mafuta ya nazi.

"Mama! Jiwe hili hunywa mafuta. Wino utashika ulipogusa."

"Si tufute, mwanangu?"

"Tukifuta kiganja, na uso unakwenda."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kesho anapaka wino. Ya Rabi, mume wangu atatokea karatasini na mkono wangu shavuni, na mimi sina la kufanya.