Mbuzi Niliyemchinja kwa Mkono Wangu

Diani, Jumamosi, siku nne kabla ya Krismasi, 1963

Joto la leo halisemeki. Hata upepo wa baharini umegoma. Nimekaa mlangoni mwa chumba changu cha uwani, nyuma ya nyumba ya Wazungu ninakolea watoto, na mikono ingali inanuka damu ya mbuzi. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya memsahibu. Bado.

Siendi Samburu.

Nimeliandika peke yake nione kama litauma kidogo. Linauma vile vile.

Tangu Pasaka nilikuwa nikiweka akiba kwa ajili ya Krismasi hii. Niliacha maziwa kwenye chai, nikaacha mafuta ya nywele, viatu vikatoboka nikavitia kadibodi. Kila mwisho wa mwezi noti moja iliingia kwenye kopo chini ya kitanda: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na mtoto, gauni lake, madaftari yake. Memsahibu amekubali Umazi aje aishi nami hapa na mwezi wa kwanza aanze shule. Ruhusa hiyo niliiomba miaka miwili.

Umazi ni binti yangu, anakaribia miaka saba. Baba yake alipokufa nilimwacha kwa mama yangu huko Samburu, kwetu Udurumani, akiwa hajasimama dede, nikaja huku kulea watoto wa watu. Krismasi iliyopita nilipofika alitumwa aje anisalimu. Akasogea, akasema, "Shikamoo, mgeni." Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikalia mpaka mama akaja kuniita.

Sasa nieleze upumbavu wangu.

Siku zile za kungoja Uhuru, kisimani hapakuwa na habari nyingine: bendera ya Mwingereza ikishuka, noti zenye picha ya Malkia zitakuwa karatasi za kufungia njugu. Ningeweza kumwuliza mwenye duka. Sikuuliza. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilijiona mjanja kuliko wote. Nilijiambia: noti ina kichwa cha Malkia, lakini mbuzi ana kichwa chake mwenyewe. Sisi Waduruma mali yetu ni mifugo tangu hapo. Nikabeba kopo zima mpaka Waa, nikarudi na mbuzi jike mnene, ninatembea naye kama mke wa chifu. Nia yangu ilikuwa kumuuza wiki hii ya Krismasi, nyama ikitafutwa, nirudishe pesa yangu na faida juu.

Uhuru ukaja. Tuliimba, tulicheza. Siku mbili baadaye nikamwona mwenye duka akipokea noti ya Malkia, akaikunja na kuitia kwenye droo kama siku zote. Nilisahau nilichokuja kununua.

Hata hivyo mbuzi nilikuwa naye. Mpishi wa hoteli moja aliahidi kuja kumchukua leo saa nne. Leo hii.

Alfajiri nilimkuta amejizungushia kamba kwenye mnazi, imemkaba, ulimi uko nje na miguu inapiga mchanga. Kwetu mnyama anayekata roho huchinjwa na yeyote aliye karibu, basi. Nikakimbilia kisu cha jikoni, nikamchinja, nikamshukuru Mungu kwamba nimemuwahi.

Bi Mwanasha, jirani yangu Mdigo, ndiye wa kwanza niliyemwendea. Nilidhani atachukua hata paja.

"Nani kachinja, mwanangu?"

"Mimi, Bi."

Akashika kichwa. "Ungeniita! Mzee wangu yuko papa hapa anafua nazi. Angekuja mbio akamchinja kwa bismillahi. Sasa kwetu hailiki, mwanangu. Usione tunakudharau."

Sikuona dharau. Huu ni mwaka wa sita ninaishi na Waislamu hawa, nimekula futari zao, sikukuu zao ninazingoja kama zangu. Jambo hili ninalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini kisu kilipokuwa mkononi sikuwa Diani, nilikuwa Samburu tayari.

Mpishi, naye Mwislamu, alifika, akatazama, akasema pole, akaenda zake. Mtaa wote huu ni Waislamu. Mutua, mtunza bustani, alinunua paja kwa shilingi mbili, ndizo pekee alizokuwa nazo nje ya nauli ya kwao Ukambani. Memsahibu yuko Nairobi mpaka mwaka mpya, na mshahara wangu anao yeye. Nyama iliyobaki nimeipaka chumvi na kuianika. Nzi wameipenda.

Alasiri Bi Mwanasha alirudi na sahani ya wali. Pesa hana; angekuwa nazo angenipa. Alikaa nami hadi nikala, na hapo ndipo nilipolia.

Sina wa kumlaumu. Si waliozua uvumi, si aliyeniuzia mbuzi. Miezi minane nimejinyima, na sekunde moja ya haraka imekula yote.

Nimeanza barua mara tatu na kuichana. Mama hajui kusoma. Atasomewa na mwalimu wa kanisa. Hata nikiituma Jumatatu, itafika sikukuu imepita.

Jumatano Umazi atavaa alichonacho aende kanisani na bibi yake. Kwamba atanililia, hilo ningelivumilia. Ninaloogopa ni kwamba atakula, atacheza na wenzake, na siku itaisha bila yeye kuona kwamba kuna mtu hakuja.

Mungu anisamehe, maana sijui mimi ni mama wa namna gani. Usiku huu nitapiga magoti, na nitakachoomba ni mtoto wangu alie.