Ile So Inayopandishwa

Granville, Sydney

Mjukuu wangu Neema,

Huku sote hatujambo. Mama yako mdogo sasa anaingia zamu ya asubuhi hospitalini. Mwanawe Dani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila chapati anaziomba kwa Kiswahili safi. Natumaini nanyi huko Dodoma mu wazima.

Unauliza kwa nini mwalimu anakulazimisha kubonyeza noti ya so kwenye kibonye cheusi katika skeli ya maina, ile yenye sauti ya huzuni, wakati ukipanda kutoka noti ya la kwa vibonye vyeupe vitupu unafika la ya juu bila shida.

Mimi nilikuwa mbishi kama wewe. Nikiwa msichana nilipigia kwaya kinanda kanisani. Katika mazoezi ya Ijumaa Kuu, kila tulipokaribia la ya mwisho, akina mama waliipandisha so kidogo, nami nikabaki na so yangu nyeupe. Tukagongana. Nikaona wao ndio wanakosea, nikabonyeza kwa nguvu ili wanifuate. Wapi! Mwalimu wa kwaya akafunga kinanda, akasema, "Haya, imba wewe." Nikaimba, na koo langu mwenyewe likaipandisha ile so.

Kwa hiyo usinisadiki mimi. Funika kinanda, imba kutoka la mpaka la ya juu, kisha ufunue uitafute sauti uliyoimba kabla tu ya kufika la ya juu. Ukiikuta kwenye kile kibonye cheusi, mwambie mwalimu wako siku hiyo hiyo kwamba alikuwa sahihi. Mimi niliona haya, na wangu alihamishwa kabla sijamwambia.

Bibi yako