Siwashi Jiko Siku ya Sabato

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimekubali. Nimempigia Kipketer simu asubuhi kabla moyo haujageuka, nikamwambia nitakuja. Mpishi wake ameenda kujifungua, na yeye ana walimu wastaafu wa Bungoma anaowapeleka kutembea nchi — jangwa la Turkana, kisha wanyama wa Tsavo, kisha bahari huko Malindi. Basi ni lake na yeye ndiye kiongozi wa safari.

Nilimwambia jambo moja kwanza, kabla hata hatujaongea mshahara. Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama naacha sufuria, Jumamosi jua likizama nazishika tena. Hapo katikati siwashi moto wala sipandi gari la safari. Chakula cha Jumamosi nakipika Ijumaa, natia kwa hotipoti, chai kwa thamosi. Hakuna atakayelala njaa. Akasema sawa mama, hiyo si shida, Jumamosi zote mbili tunakaa mahali pamoja. Nikamwuliza tena. Akacheka. "Mama Wachira, si nimesema sawa?"

Gathii, mzee wetu wa kanisa hapa Kiminini, hajafurahi. Ati mama mzima, mjane, mwalimu wa watoto kanisani, anaenda kuzungukia simba na kupikia watu wa dunia. Ati nitavunja Sabato huko nirudi nimefunga mdomo. Aliyasema mbele ya dada yangu Tabby, na Tabby akaangalia viatu vyake. Nikamwambia mzee, Nuhu alikaa na simba kwa safina na hakuharibika. Akasema Nuhu alitumwa.

Jibu nimelipata sasa nikiosha vyombo, lakini ameshaenda.

Ukweli nauandika hapa tu. Ni bahari. Miaka yote hii nafundisha watoto habari ya Bahari ya Shamu. Juzi mtoto mmoja akaniuliza, mwalimu, bahari ni kubwa kama Nzoia ikifurika? Nikasema kubwa zaidi. Akauliza, na ukisimama huku, ng'ambo unaiona? Nikasema — nikasema tusimame tuimbe. Sijui. Mimi mbali kabisa nimefika Nakuru, na ilikuwa mazishi.

Naenda. Mzee Gathii aombe tu.

Jumatano, 6 Agosti

Tumetoka Kitale kukiwa giza, tukashuka Bungoma kuchukua walimu. Walikuwa wamepanga foleni karibu na soko kama wanangoja kengele. Kila mmoja na begi, na kila mmoja na chakula chake — ndizi, simsim, kuku wa kuchemsha ndani ya karatasi — kama mtu ambaye hajaambiwa kuna mpishi. Nilisikia vibaya kidogo. Halafu nikakumbuka hata mimi nimebeba maziwa lala yangu.

Mwenyekiti wao ni Mwalimu Wabwile. Alikuwa hedimasta na bado anatembea mikono nyuma. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye mpishi? Ugali wangu uwe mgumu, mama. Sitaki wa kuteleza."

Mama mmoja nyuma yake akasema, "Mwalimu, tangu lini ukajua ugali unatoka wapi? Si wewe huwa unaukuta mezani?"

Huyo ni Jepchumba, alifundisha chekechea. Watu wake ni wa huko Mlima Elgon. Nimempenda saa hiyo hiyo. Dereva ni Mbugua, kijana wa kwetu Saboti, mpole. Anaendesha kama amebeba mayai.

Ijumaa, 8 Agosti

Ziwa Turkana. Joto hapa si joto, ni mtu amekukalia. Upepo unaleta mchanga mpaka ndani ya unga. Jana Mwalimu alitafuna ugali, akaacha kutafuna, akasema amekula nusu ya kaunti.

Leo sijakaa chini. Nimechemsha githeri, nimechoma chapati, nimekaanga kabeji, nimejaza thamosi zote. Mbugua akanishikia turubai upepo usizime meko. Jua lilipogusa mitende nilikuwa nafunga kifuniko cha mwisho. Nikanawa, nikavaa gauni safi. Asante Yesu.

Jumapili, 10 Agosti

Sabato imepita vizuri, kasoro kidogo. Walikula wakashiba. Shida ilikuwa chai. Kufika alasiri chai ya thamosi ilikuwa vuguvugu, na Mwalimu Wabwile akauliza hii ni safari ama ni mfungo. Wakacheka. Kipketer pia akacheka, halafu akaja pale nimekaa chini ya mtende na Biblia. "Mama, hata chai tu? Kiberiti si kazi."

Nikamwambia tulikubaliana. Akaenda akipiga mluzi. Sikupenda ule mluzi.

Jepchumba alikuja tukaimba naye, ingawa yeye ni wa Jumapili. Nikamwuliza hili ziwa na bahari ni kitu kimoja? Akasema hapana, dada, hapa ng'ambo unaona vilima. Bahari haina vilima.

Nimelala nikifikiria maji ambayo hayana vilima.

Jumanne, 12 Agosti

Tulipita Kitale jana. Tabby alikuja kwa kituo cha mafuta na gunia la parachichi. Akaninong'oneza kwa dirisha, mzee Gathii anauliza kama Sabato imevunjika. Nikasema mwambie mzee, chai yangu ya Jumamosi ilikuwa baridi mpaka hedimasta akalia. Tabby akacheka kwa sauti, yeye ambaye huwa hacheki. Halafu akasema, "Glad, ukifika huko kwa bahari nipigie. Niisikie."

Kwa hivyo na yeye ni bahari.

Alhamisi, 14 Agosti

Tsavo. Ndovu ni wekundu! Mbugua anasema ni mchanga wanajimwagia, lakini mimi nilidhani Mungu alikuwa na rangi imebaki. Mama ndovu alivuka barabara na mtoto wake chini ya tumbo, polepole, na walimu wote wakabanana madirishani, hata Mwalimu Wabwile. Nililia kidogo. Nani anaweza kuniambia hiyo ni anasa?

Kipketer ametangaza programu. Kesho tunahama kambi hii kwenda nyingine, upande ule wa mto. Tutaangalia wanyama njiani na kufika saa ya chakula cha mchana. Jumamosi walimu watazunguka na basi, mimi nibaki kambini. Jumapili asubuhi, Malindi.

Nimemwambia nikifika mchana, nina nafasi ya kupika. Akasema, "Utafika, mama, utafika." Nimeloweka maharagwe.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka, na haijalishi.

Mchana umepita. Tulikuta simba asubuhi, wamelala, na tukawaangalia wakilala. Sawa. Halafu Kipketer akapigiwa simu na kiongozi mwingine kwamba kuna chui kwa mti, mbali, upande wa chini wa mto. Tukageuka. Nilikwenda mbele nikamwambia, Kipketer, maharagwe hayajaona moto. Akasema chui hangoji maharagwe.

Chui alikuwepo, mkia tu. Walimu wamefurahi sana. Siwalaumu.

Sasa ndio tunarudi. Nimemwomba Mbugua akaze mwendo, na amekaza, maskini, lakini mjini magari yana sheria yao, na huku wanyama wana yao. Twiga wamesimama barabarani. Tumezima. Tunangoja twiga.

Jua liko juu ya kile kilima kwa kidole kimoja. Sufuria zinagongana nyuma. Ndoo ya maharagwe imemwagika kwa miguu ya Jepchumba na anaokota, moja moja.

Limegusa.

Jumamosi, 16 Agosti

Kuandika si kazi. Ni kuongea na nafsi yangu, na leo hakuna mwingine wa kuongea naye zaidi ya huyo na Mungu.

Jana tulifika kambini mwanga ukiwa bado upo lakini jua halipo; kushuka njiani kati ya wanyama nisingeweza. Nilishuka, nikanawa mikono, nikakaa. Kipketer mwenyewe akashusha meko na mtungi wa gesi, akaweka mbele yangu. Nikamwambia Sabato imeingia. Akaangalia juu. Kulikuwa na wingu. Akasema, "Nani ameliona likizama? Kuna wingu. Sema halijazama, upike, tule, tulale."

Na ingekuwa rahisi. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: nilitaka. Walimu walikuwa wamesimama na sahani zao, wazee, wamechoka, wana vumbi. Wingu lilikuwepo kweli. Lakini mimi nililiona likigusa kile kilima, na nikiandika hapa kwamba sikuliona nitakuwa nimemdanganya nani?

Nikasema, "Nililiona."

Mwalimu Wabwile akasema Mungu ni mwelewa. Nikamjibu, ndiyo Mwalimu, hata mimi nimemwelewa. Hakupenda.

Walikula mkate na parachichi za Tabby. Kipketer akanivuta kando. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisema kuna mpishi Voi, mwanaume, anangoja simu tu. Asubuhi nisipowasha hayo meko, pikapu itamleta yeye na kunirudisha mimi, na huko Voi nitapanda basi la kwetu. "Bahari utaiona kwa kalenda, mama."

Nilimkumbusha maneno yake ya kwenye simu. Akasema alidhani ni mambo ya kuongea tu, kwamba kila mtu huongea hivyo akiomba kazi, halafu akifika anafanya kazi. Hilo ndilo lililoniuma. Alidhani napamba.

Asubuhi sikuwasha. Nilisoma zaburi yangu. Nikamsikia akipiga simu.

Nikapanga begi? Hapana. Kupanga begi pia kungoje jua lizame. Jepchumba alinipangia, akilia na kukunja nguo zangu vibaya.

Baadaye

Walimu hawakuenda na basi. Walisema hawaendi na njaa. Kipketer akasema mpishi yuko njiani, Mwalimu Wabwile akasema yeye hangoji mtu wa njiani, atapika mwenyewe. Walimu wote wakamgeukia.

"Mwalimu, utapika?"

"Kwani ni hesabu?"

Mbugua akamwashia. Mwalimu akatia unga kabla maji hayajachemka. Niliona kwa macho yangu. Ulimi wangu niliushika na meno. Jepchumba akajaribu kumwambia, naye Mwalimu akasema, "Mwalimu mwenzangu, niache, mwanafunzi hujifunza kwa kukosea." Sasa anasonga kwa mwiko kama mtu anachimba choo, na harufu ya kuungua imefika hapa. Kuna mama hapo anacheka mpaka ameshika mti. Mimi pia nimecheka, ndani ya shuka, Bwana anisamehe.

Alasiri

Pikapu imefika. Vumbi jekundu kwanza, halafu yenyewe. Mpishi wa Voi ameshuka, kijana na aproni safi, amenisalimu kwa adabu, shikamoo mama. Sina ugomvi naye.

Kipketer amelichukua begi langu mwenyewe akaliweka nyuma ya pikapu. Akanifungulia mlango kama harusi.

Nikamwambia sipandi. Akasema, "Hupiki na hupandi?"

"Sipiki na sipandi. Jua likizama nitapanda, unipeleke unapotaka. Nilikuambia yote mawili siku moja, kwa simu moja."

Akasema nimtafutie neno la kunielezea. Nikasema ninalo, ni jina langu, Gladwell.

Hapo dereva wa pikapu akaingilia, mzee kidogo, anaonekana hataki maneno ya watu. Akasema yeye hawezi kungoja jua. Geti la mbuga linafungwa jioni kabla ya giza, akikaa hapa mpaka lizame atalala hapa na gari lina kazi Voi. Kwa hivyo ni sasa, ama ni kesho asubuhi.

Kesho asubuhi basi linaenda Malindi, na mimi nitakuwa bado hapa.

Kipketer ameangalia basi, ameangalia pikapu. Ametoa simu, ameirudisha. Ameniambia niamue. Mimi niliamua jana, nikiwa bado ndani ya basi. Wa kuamua ni yeye: kunibeba kwa nguvu mbele ya walimu hawa wote, ama kuniacha nikae.

Siogopi kama nilivyodhani. Ikiwa nitarudi Kiminini bila kuona bahari, nitarudi, na mzee Gathii nitamwangalia machoni, na yule mtoto nitamwambia ng'ambo haionekani, nimeambiwa na mtu ninayemwamini. Lakini leo mtu hanihamishi.

Nimekaa kwa jiwe, karibu na tairi la nyuma la basi. Jepchumba amekuja akakaa upande huu. Mama aliyekuwa akicheka amekaa upande ule, hata jina lake silijui. Mwalimu Wabwile anakuja na sahani, ugali wake mweusi chini na uji juu. Amesimama kati yangu na mlango wa pikapu, mkono mmoja nyuma.

"Onja, mama," anasema. "Na usinidanganye."

Kipketer anamwomba asogee. Mwalimu hasogei, anasema mtu anakula.

Dereva anapiga honi. Jua bado liko juu.

Naonja polepole, na sahani imejaa.